Sala Iliyokuja kwa Posta

San Eloy, mto Cayapas, Esmeraldas
12 Mei 1984

Mdogo wangu Verna,

Nimefika salama. Naandika nimekaa kwenye ngazi ya nyumba ya Bi Auristela Corozo, miguu ikining'inia juu ya matope, maana nyumba zote hapa zimesimama juu ya nguzo, na mto ukijaa unapita chini yetu bila hata kubisha hodi. Msomee Mama polepole. Mwambie nakula. Mwambie nasali. Mwambie viatu vya kanisani alivyonilazimisha nichukue vimeota ukungu wa kijani, na bado navivaa.

Shule ni chumba kimoja na watoto arobaini na watatu. Mimi nafundisha Kiingereza, mwalimu mkuu anafundisha mengine yote. Kihispania nilichokuja nacho kilikuwa "asante" na "maji". Nilidhani nitakiokota sokoni, lakini sokoni watu wanaongea kama wanakimbia mvua. Aliyeniokoa ni huyu mwenye nyumba wangu. Ni mjane, umri wake na wangu sawasawa, hajui kusoma hata herufi moja, na kichwani ana sala za kujaza kabati. Mtu akifa, yeye ndiye anayeitwa kuongoza. Hapa mtu akishazikwa watu hukusanyika kwake jioni tisa, kama sisi huko nyumbani tunavyofanya ule usiku wa tisa, ila hawa hawaruki hata jioni moja. Basi akanichukua. Mimi, Mmethodisti, Verna, nimekaa kwenye benchi na rozari ya kuazima! Bwana anisamehe, lakini shule niliipata hapo. Maneno yaleyale, polepole, mara hamsini, na hakuna anayekucheka ukikosea kwa sababu kila mtu ana huzuni yake.

Shida ni kwamba sasa najua kusema "jeneza" na sijui kusema "kijiko". Juzi muuza samaki alilowa na mvua. Nikataka kumpa pole, nikamwambia apumzike kwa amani. Akaniangalia toka juu mpaka chini: "Ngoja kwanza niuze hawa wanne waliobaki, mwalimu, ndipo nipumzike!" Soko zima likanicheka.

Mwambie Mama nimeshika Baba Yetu kwa Kihispania. Mstari wa kwanza, ule wa mbinguni na jina, nimeuandika kwenye karatasi ya nyuma kama unavyosikika masikioni, ili umsomee. Najua atacheka.

Dada yako,
Icilma


Owia, Saint Vincent
22 Juni 1984

Dada Icilma,

Barua imekuja kwa wiki tano. Bwana Hadaway wa posta aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, anataka stempu.

Mama hakucheka. Alikaa kitako akausema mstari wako mpaka ukamkaa. Sasa anawasemea kuku, anamsemea mchungaji, na juzi alimsemea bwana mmoja wa serikali aliyekuja kuhesabu minazi. Yule bwana akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi anaumwa?" Mama akamjibu kutoka chumbani, "Siumwi, nasoma."

Tangu macho yake yazime sijamwona na furaha namna hii. Anataka mwingine. Maneno yake haya, naandika kama anavyoyasema: "Mwambie mwalimu asinimwagie yote kwa mpigo, kichwa changu kinavuja. Anipe kidogo kidogo. Na mwambie sifi mpaka niimalize. Siwezi kufika kwa Mungu na sala nusu nikaonekana mvivu."

Pia anataka majina ya wanafunzi wako. Anasema hawezi kuombea "watoto arobaini na watatu", Mungu si karani.

Ana kidonda kwenye kidole cha mguu. Ni ile sukari. Muuguzi anakuja kila Ijumaa. Si kitu.

Verna


San Eloy
4 Agosti 1984

Mdogo wangu,

Mtumbwi wa posta unashuka mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nitaandika kila unaposhuka bila kungoja jibu lako. Leo natuma mstari wa ufalme na ule wa mapenzi yake, yote miwili, maana ni mifupi.

Majina yote siwezi, karatasi haitoshi. Mpe Mama wanne wa mbele. Ermel amekaa mbele kwa sababu nikimweka nyuma anatokea dirishani. Nilvia ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Tirso anakuja shuleni kwa mtumbwi, peke yake, na kasia lake analiegemeza ubaoni kama fimbo ya askofu. Domitila ndiye mdogo wa wote. Haongei. Anaimba, lakini haongei.

Nimewafundisha nikiita jina mtu asimame aseme kwa Kiingereza: Nipo, mwalimu. Imekuwa balaa. Mama yake Ermel alimwita mtoni akaoge, mtoto akasimama na povu masikioni, "Nipo, mwalimu!" Jumapili padri aliyekuja kutoka Borbón akamtaja mtakatifu Tirso katika misa, na Tirso wetu akainuka kwenye benchi akaitikia. Kanisa likaanguka kwa kicheko, padri mwenyewe akajifunika uso na kitabu. Bi Auristela aliniambia njiani, "Wewe mwanamke, watu wakisikia jina lao wanaitika kwako tu. Siku ya mwisho Mungu atawaita, wao watakutafuta wewe!"

Asipoitika mtu, nasubiri. Nahesabu mpaka tatu moyoni, ndipo naweka sifuri kwenye daftari.

Verna, nikwambie jambo. Siku ile waliponiita ofisini wakaniambia darasa langu amepewa msichana mwenye cheti, miaka thelathini na miwili ya chaki ikaisha kwa dakika tano, nilirudi nyumbani kwa miguu, na Mama alinijua kwa hatua zangu kabla sijafika mlangoni. Akasema, "Wamekutoa." Hakuuliza. Wewe ulikuwa shambani, hukuniona nilivyolia kwenye aproni yake, mwanamke mzima. Hapa hakuna aliyeniuliza cheti. Nikiingia, wanasimama.

Jioni Bi Auristela ananipikia ndizi mbichi za kuponda na samaki wa tui la nazi. Ananisahihisha hata nikiwa natafuna.

Icilma


Owia
12 Septemba 1984

Dada,

Kidole kimekatwa. Kimoja tu, kile kidogo. Mama anasema alikuwa hakitumii.

Mstari wa ufalme na wa mapenzi ameishika yote miwili kwa siku tatu. Kila asubuhi anawataja wanafunzi wako mmoja mmoja, Ermel, Nilvia, Tirso, Domitila, na Auristela anamweka wa tano kwa sababu ndiye anayekulisha. Nikichelewa na chai nasikia anaongea nao. "Tirso, shika kasia vizuri. Domitila, fungua kinywa, mtoto wangu, mwalimu wako si mkali."

Anasema umalize mwaka wako. Akisikia umetoka darasani kwa ajili ya kidole chake, atakulaani kwa Kihispania.

Mihogo imetoka vizuri mwaka huu.

Verna


San Eloy
20 Oktoba 1984

Verna,

Ukurasa huu ni wako peke yako. Karatasi ya pili ndiyo ya Mama.

Mwezi uliopita nilituma mstari wa mkate na ule wa kusamehe. Leo nimemwandikia ule wa majaribu, na nilipouwekea nukta ndipo nikaona. Umebaki mmoja. Kichwani nilikuwa nahesabu kwa kipimo cha kanisa letu, na ule mkia wetu mrefu wa nguvu na utukufu. Watu wa huku hawana mkia. Wanaishia pale pa kuokolewa na mabaya, amina, wanakaa.

Unaweza kunicheka. Mimi mwenyewe nikiwa kanisani naona ni upuuzi, kisha nikirudi nyumbani naogopa tena. Mama yetu aliwahi kusema neno asilitimize? Alisema hatakula sukari mpaka Baba arudi kutoka Trinidad, na miaka miwili akanywa chai chungu mbele yetu. Sasa amesema hafi mpaka aimalize. Basi hataimaliza mpaka nifike. Mwaka wa shule unaisha mwisho wa Januari. Katikati ya Februari nitakuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, na mstari huo nitamtia mdomoni kwa mkono wangu kama uji.

Mpaka hapo mwambie ule wa kusamehe niliuandika vibaya, na nimeurekebisha, aurudie mpaka Krismasi. Mungu anajua kwa nini nasema uongo huu. Nampigia magoti kila asubuhi namwambia, umenichukulia darasa, umenichukulia mume nikiwa bado kijana, huyu mmoja mlango wake niushike mimi.

Usimwambie.

Icilma


Owia
28 Novemba 1984

Dada Icilma,

Tuma uliobaki.

Mama anasema ule wa kusamehe anautamka vizuri na hauhitaji kurudiwa. Nimemsikiliza, ni kweli. Huo wa majaribu aliushika siku ileile.

Hali si mbaya. Muuguzi sasa anakuja kila siku, si Ijumaa tu. Mama ameacha kuomba tumsogeze dirishani. Kuku nimewahamishia kwa jirani. Shuka nimeongeza.

Anauliza kama Bwana Hadaway amepita. Asubuhi anauliza na mchana anauliza. Nilimwambia posta haiji kila siku, akaniambia basi nikaipokee njiani.

Maneno yake: "Mwambie mwalimu kengele imelia. Asinizuie darasani." Sijui ana maana gani, naandika tu.

Tafadhali, dada. Tuma tu.

Verna


San Eloy
3 Januari 1985

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi na nimekasirika, ila si wewe uliyenikasirisha.

Kulikuwa na mzee hapa, Don Fulgencio, mchonga mitumbwi. Wiki mbili alikata roho na roho haikukatika. Bi Auristela aliitwa, maana kazi yake si kuzika tu, anawasaidia pia wanaoshindwa kuondoka. Akakaa naye, akasali, akatoka nje akawaambia wanawe: "Kuna mtu amemshika. Nani hayupo?" Hayupo mtoto wa mwisho, yuko Guayaquil. Wakamfuata. Akaja na suti yake ya mjini, akapiga magoti kwenye mbao, akamwambia baba yake, "Nenda tu, mzee, sisi tupo." Kabla chai haijachemka mzee alikuwa amekwenda.

Nilikuwepo. Nilishika mshumaa.

Tuliporudi, Bi Auristela akanikuta na barua yako. Akaichukua. Kusoma hajui. Akaigeuza, akainusa.

"Hii imekaa chumba gani?"

"Cha mama yangu."

"Nakijua hicho chumba," akasema. "Nimesali katika vingi vya namna hii. Mama yako anataka nini kwako?"

Nikamweleza habari ya mstari. Kwa nini nilimweleza? Mdomo wangu huu. Akakaa chini kabisa, kwenye sakafu.

"Ee mwalimu. Mpe mwenzio maneno yake."

"Unajuaje wewe? Hujawahi kumwona!"

"Karatasi imemwona."

"Mimi simfungi. Namshikilia asianguke."

"Na yule wa Guayaquil alidhani hivyohivyo."

Nikamwambia maneno mabaya, Verna, kwa Kihispania safi. Nilishangaa nilivyoyajua yote. Sijasema naye siku tatu. Anaweka sahani yangu mezani, anakwenda kukaa ngazini. Ndizi zinapoa, hakuna anayekula.

Wewe umeandika hali si mbaya, na wewe tangu utoto hujui kudanganya. Nimeshika neno lako. Mwalimu mkuu ameniomba nibaki mpaka mwisho wa Machi, niwanoe wakubwa kwa mtihani wa sekondari ya Borbón, Tirso na Nilvia wakiwamo, na nikakubali kwa sababu ya hilo neno lako. Mama mwenyewe angenirudisha kwa fimbo kama ningewaacha. Nitafika Aprili. Mwambie Aprili. Mwambie mstari ninakuja nao mkononi.

Icilma


Owia
8 Februari 1985

Dada Icilma,

Mama amekufa Jumatano, tarehe sita. Tumemzika jana.

Sasa nakuambia yote, kwa kuwa kiapo changu kwake kimekwisha. Mwezi wa Oktoba alinishikisha Biblia nisikuandikie hali yake. Alisema, "Walimtoa darasani mara moja, nikasikia anavyotembea. Sitaki kuusikia tena mwendo ule."

Hakikuwa kidole tu. Oktoba walikata mguu kwenye kifundo. Novemba wakakata chini ya goti. Kidonda hakikufunga. Harufu sikuandikii. Alilia, dada. Mama, ambaye hakutoa chozi Baba alipozama, alilia mchana kweupe kwa sauti ya mtoto, na watu waliokuwa wakipita barabarani walivua kofia kama wamekuta msiba. Akipata nafuu kidogo anaanza sala yako, anakwenda vizuri, anafika kwenye majaribu, anasimama. Anaanza upya. "Verna, posta imepita?" Mchungaji alimwambia, "Mama Drusilla, isali kwa Kiingereza, Mungu ni yuleyule." Akamjibu, "Nimeianza kwa lugha ya binti yangu. Yeye ananingoja mwishoni."

Barua yako ilifika Jumanne. Nilipokea mwenyewe kwa Bwana Hadaway, nikaifungulia barabarani. Kulikuwa na Don Fulgencio na mtihani na Aprili. Mstari haukuwemo.

Nikakaa jikoni na barua zako zote. Kihispania kingine sikuwa nacho, mimi nimetoka shule darasa la nne. Nilikuwa na majina tu. Nikaingia nikamwambia, "Mama, umefika. Wa mwisho umefika, mpaka amina." Akasema, "Nisomee." Nikasoma kwa sauti ya sala, polepole: Ermel, Nilvia, Tirso, Domitila, Auristela, amina.

Aligeuza uso upande wangu. Kisha akausema. Hakuhitaji nirudie. Akaunganisha sala yote toka mwanzo, kutoka mbinguni mpaka majaribu mpaka yale majina, amina. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Akanishika mkono akasema, "Icilma ana watoto wazuri." Nikadhani anaweweseka. Kulipokucha alikuwa amekwenda.

Dada, nimemdanganya mtu anayekufa, tena ndani ya sala. Kusali na kula siwezi. Mchungaji siwezi kumuuliza. Wewe unaijua hiyo lugha na umekaa na watu wa misiba. Niambie, nilimwambia Mungu kitu gani?

Verna


San Eloy
10 Februari 1985

Verna, Verna,

Leo baada ya kanisa nimezitoa barua zako sandukuni, nikafanya alivyofanya Bi Auristela. Ya Juni inanuka moshi wa jiko letu. Ya Septemba inanuka iodini kidogo. Ile ya Novemba nimeiweka puani nikaitoa haraka.

Nilikwenda mpaka Borbón kutafuta telegramu. Yule bwana akanionyesha waya, umelala mtoni tangu mvua za Januari.

Mstari huu hapa chini. Wote, na amina yake. Nimeuandika kwa herufi kubwa usikosee hata sauti moja. Ukifika tu, acha hata kama unapika, ingia umsomee. Mwambie mwalimu amesema kengele imelia. Mwambie samahani. Mwambie aende, sisi tupo.

Nimemwomba radhi Bi Auristela. Alisema radhi nisiiache kwake, niitume kwa Mama.

Icilma


San Eloy
25 Machi 1985

Mdogo wangu Verna,

Barua yako ilifika tarehe kumi na sita. Ile yangu ya Februari itakuwa imekwisha kufika kwako. Kama hujaifungua, usiifungue. Kama umeifungua, usinieleze.

Umeniuliza ulimwambia Mungu kitu gani, nami nakujibu kwanza hilo, ili upate kula. Majina yale Mama aliyajua, Verna. Kila asubuhi aliyataja, wewe mwenyewe uliniandikia, na Auristela wa tano. Ulipoanza tu na Ermel alijua mstari haukuja. Hakuweweseka hata kidogo. Alijua sikuutuma, akaelewa kwamba wewe huwezi kubeba tena, akaitikia amina ili akupumzishe. Hukumdanganya. Uliyemsomea alikuwa mzima wa akili, na alikukubalia. Kwa hiyo lala. Huna deni lolote na Mungu. Lililobaki ni langu.

Bi Auristela hakuniuliza kitu. Aliniona nimekaa ngazini na karatasi, akaingia ndani akatoa shuka nyeupe. Nikamwambia mama yangu kazikwa mwezi uliopita, jioni zake tisa zimekwisha pita bila mimi. Akasema, "Hapa zinahesabiwa tangu siku habari inapofika." Wakajenga madhabahu kwenye ukuta wa chumba chetu, shuka, ngazi tatu za mishumaa, na juu kipepeo cha kitambaa cheusi, alama yao ya msiba. Picha ya Mama sikuwa nayo. Waliweka viatu vyangu vya kanisani, kwa kuwa yeye ndiye aliyenichagulia.

Jioni tisa walikuja wote. Wale nilioshika mishumaa misibani kwao, walikuja kushika wa kwangu. Muuza samaki naye alikuja. Alinishika bega akasema, "Apumzike kwa amani, mwalimu," na nikakumbuka siku ile nilipomwambia yeye maneno hayohayo.

Jana ilikuwa ya tisa. Siku hiyo madhabahu inabomolewa, mlango unafunguliwa, mishumaa inazimwa mmoja mmoja na watu wanasimama pembeni kuacha njia, ili aliyekufa apite aende. Mwenye msiba ndiye anayesali Baba Yetu ya mwisho, peke yake. Bila hiyo haendi.

Nikasimama. Nilikwenda vizuri. Mbinguni, ufalme, mkate, kusamehe. Nilipofika kwenye majaribu, nikautafuta ule mstari. Karibu miezi minne niliuficha, na nilipouhitaji haukuwepo. Nilifungua kinywa, hakuna kitu. Watu wakangoja. Bi Auristela alikuwa ameshika vidole juu ya mshumaa wa mwisho. Kisha mdomo wangu ukasema mstari wako.

"Ermel."

Watoto walikuwa wamekaa chini karibu na mlango. Ermel akasimama. "Nipo, mwalimu."

Hakuna aliyecheka.

"Nilvia." "Nipo, mwalimu."

"Tirso." Alikuwa na kasia lake. "Nipo, mwalimu."

"Domitila." Nikangoja. Yule haongei, nimekwambia. Akasimama amemshika Nilvia gauni, akasema, sauti ndogo kama ya mbu, lakini akasema.

"Auristela." Na Bi Auristela, ambaye hajawahi kukaa darasani hata siku moja, akajibu kwa Kiingereza alichokisikia kwa watoto. "Nipo, mwalimu." Machozi yakimdondokea kwenye kidevu.

Ilibaki amina. Sikuisema. Niliangalia mlango ulivyokuwa wazi, na ngazi, na mto chini, na njia waliyoiacha watu katikati. Maishani mwangu sijawahi kumwita Mama kwa jina lake. Nikamwita.

"Drusilla."

Nikahesabu mpaka tatu, Verna. Kisha nikahesabu tena. Bi Auristela akauzima mshumaa kwa vidole.

Leo asubuhi kengele ya shule imelia. Nimesikia watoto wa mtihani wakiingia. Daftari la majina liko hapa magotini mwangu, na bado sijainuka.

Icilma